Ufunguo wa Pili wa Mzee Barasa

Jumamosi mbili zilizopita tulimzika Mzee Barasa kule Webuye, na gari lake jeupe lilikuwa limeegeshwa nyuma ya hema, limeoshwa kuliko waombolezaji wengi. Wanawe walisimama mmoja mmoja wakasema marehemu alikuwa mtu wa ibada, mpole, asiyepandisha sauti. Nikatazama viatu vyangu. Mimi niliwahi kumsikia akipandisha sauti, tena katikati ya mji wa Bungoma, mchana kweupe, siku sita mfululizo, na kila neno alilolitoa lilikuwa na mzizi wake kwangu. Niko kidato cha nne sasa, na najua watu wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu. Wanaandika barua za mapenzi na insha za mtihani. Lakini mzee amekwenda kabla sijamshukuru sawasawa, na Senge Rosa, dada yake baba, ambaye bado yuko, husema shukrani za mdomo wangu haziaminiki kwa sababu zote huishia kwenye utani. Basi naziandika, mahali ambapo siwezi kumwona mtu akicheka nikaharibu.

Mwaka wenyewe ni tisini na saba. Niliuanza Kitale katika shule ya bweni, na wiki ya tatu ilinikuta Bungoma. Kilichotokea ni kifupi. Nilikuwa nimegundua kwamba zile kufuli za bei rahisi tulizofungia masanduku yetu ya bati ni ndugu: ufunguo wangu ulifungua zaidi ya nusu yazo. Jumapili moja wenzangu walipokuwa kanisani, mimi nikabaki kitandani nikidai tumbo, kisha nikainuka nikazihamisha kufuli zote nilizoweza, ya huyu kwa yule, ya yule kwa huyu. Bweni zima likakosa sukari, sabuni na sketi za Jumatatu. Mwalimu mkuu akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema tumbo limepona. Baba alipokuja kunichukua hakunipiga. Alinipeleka moja kwa moja kwa Senge na kuniandikisha shule ya kutwa. "Si unapenda funguo? Basi kaa nazo," akaniambia, akageuka akaondoka bila hata kunywa chai.

Senge Rosa alichonga funguo. Kibanda chake kilikuwa kwenye safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi, chumba kimoja cha mabati chenye meza nzito, chuma cha kubania kilichopigiliwa mezani, na tupa za kila ukubwa zikining'inia ukutani kama samaki waliokaushwa. Hakuwa na mashine. Marehemu mumewe alimfundisha kuufunga ufunguo wa zamani na mpya pamoja, bega kwa bega, na kukata meno kwa tupa huku akiyapapasa kwa ukucha wa kidole gumba. Watu walimwita Mama Funguo. Mimi nilikuja nimejaa dharau za Kitale, lakini nilikuwa nikitoka shuleni natupa mkoba chini na kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa kumtazama, kwa sababu kulikuwa na kitu cha ajabu katika namna alivyofumba macho alipofika jino la mwisho. Jioni alifagia unga wote wa shaba ulioanguka na kuutia kwenye mkebe mkubwa wa maziwa, maana kulikuwa na mtu wa Mabanga aliyekuja kila baada ya miezi kadhaa kuuchukua akauyeyushe. Hakuna takataka ya kibanda kile iliyotupwa kabla ya huyo mtu kufika. Nilimwambia Senge kwamba yeye ndiye mwanamke pekee Bungoma anayehifadhi vumbi. "Na wewe ndiwe vumbi la Kitale," akanijibu, "na nimekuhifadhi."

Mzee Barasa alikuja Jumatano moja ya likizo ya Agosti. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha karatasi, na akiba yake ya miaka yote ilikuwa imegeuka kuwa gari dogo jeupe la Kijapani, lililotumika kidogo huko kwao na kuteremshwa Mombasa. Lilikuja na ufunguo mmoja tu. Ulikuwa ufunguo ambao Bungoma haikuuzoea: kichwa kinene cheusi cha plastiki chenye vibonyezo viwili, ukibonyeza kimoja milango inajifunga yenyewe na taa zinakukonyeza. "Dada, nataka wa pili," alimwambia Senge. "Nikipoteza hii moja, gari yangu itakuwa banda ya kuku." Senge akaupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akasema chuma chake ni chuma kama chuma kingine, arudi saa nane. Mzee akaliacha gari mbele ya kibanda na kwenda kuwasalimia watu sokoni. Kumsalimia mtu mmoja kwake kulichukua robo saa. Ungedhani anahesabu ng'ombe wa mwenzake mmoja mmoja. Senge naye akakata meno ya ufunguo mpya hadi karibu na mwisho, kisha akatoka kwenda kuazima tupa nyembamba. Mimi nikabaki peke yangu na kile kichwa chenye vibonyezo.

Naomba msomaji anielewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Niliuficha ufunguo mfukoni mwa sketi, nikasimama barabarani mbele ya gari na kuinua mkono. "Gari! Kwa jina la Nekesa, fungua!" Taa zikakonyeza, milango ikalia kla. Makokha, fundi viatu wa kibanda cha pili, akaangusha sindano yake. "Ati nini? Hebu rudia." Nikarudia. Kufikia mara ya nne nilikuwa na watu thelathini hivi, akina mama wenye vikapu na mhubiri mmoja aliyesahau mahubiri yake. Nilimwambia Makokha ajaribu yeye. Akapiga kelele mpaka mishipa ikatoka shingoni, na gari likanyamaza. "Huna imani," nikamwambia, na watu wakacheka hadi wengine wakaketi chini. Mhubiri akauliza kama ni dawa. Nikasema ni elimu. Halafu nikaona kitambaa cha kichwa cha Senge kikirudi kwa mbali, nikakimbilia ndani, na katika kuutoa ufunguo mfukoni ukaniteleza, ukapiga pembe ya chuma cha kubania na kupasuka vipande viwili. Betri ndogo ya duara ikabiringika. Niliiokota, nikairudisha mahali pake, nikabana plastiki hadi ikalia. Nilibonyeza: milango ikaitika. Nikashukuru Mungu. Jioni, nikifagia, niliona chini ya meza kijiwe cheusi, kidogo kuliko punje ya mahindi. Nikadhani ni kipande cha plastiki kilichomeguka, nikakisukumia kwenye mkebe pamoja na unga wa shaba.

Lakini nimeruka. Kabla ya jioni hiyo kulikuwa na saa nane. Mzee alirudi, akapewa ufunguo mpya, ukaingia mlangoni kama uliozaliwa humo. Akaketi, akawasha. Gari likawaka, likanguruma muda wa kusema "asante," likazima. Akawasha tena, likazima tena. Akachukua ufunguo wake wa zamani: yale yale. Senge akainama dirishani. "Ulikuja nayo ikiwa mzima?" Mzee akamtazama kama aliyetukanwa. "Dada, nimetoka nayo Webuye mpaka hapa! Ni wewe umebana ufunguo yangu kwa chuma mpaka umeiumiza!" Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Nilikuwa na maneno ya kutosha mdomoni kuendesha soko zima asubuhi ile, na sasa sikupata hata moja.

Gari lilikaa mbele ya kibanda siku sita. Halikuvutwa, maana mzee hakukubali lifungwe kamba, wala hakutaka kuliacha. Alikuja kila asubuhi kutoka Webuye, akaketi ndani yake kama mtu aliyelazwa, na kila aliyepita akasimuliwa. Makanika wa kwanza alilaumu betri, wa pili akalaumu plagi, wa tatu akanusa petroli na kusema imetiwa maji. Mhubiri aliliwekea mikono. Likanguruma, umati ukasema amina, likazima kabla amina haijafika mwisho. Na kwa kuwa watu huamini wanachokiona kila siku, Bungoma iliona gari limekufa mlangoni mwa Mama Funguo. Mwanamke mmoja alileta ufunguo wa nyumba, ufunguo wa kawaida kabisa, akalitazama gari, akaurudisha kwenye pochi. "Wacha kwanza nifikirie, mama." Makokha alikuwa na utani wake: "Usimpe Rosa mkono, atakuchonga ukazima." Kila mtu alicheka. Ulikuwa utani mzuri, wa aina yangu kabisa, na nikagundua jinsi unavyosikika ukiwa upande ule mwingine.

Jumapili tulitoka kanisani tukapika ugali wa wimbi na mboga ya mrenda. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya soko, pazia la maua likigawa kitanda chake na godoro langu, na jirani yetu Mama Chebet, mjane wa Mlima Elgon aliyeuza mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, alikuwa akija kula nasi kila Jumapili. Mimi nilikuwa nje nikiosha sufuria. Wao walidhani maji yanazuia sauti.

"Nimepima meno mara ishirini," Senge alikuwa akisema. "Ni yale yale. Unajua nimefanya nini jana? Nimechukua kufuli yangu mwenyewe ya nyumba, nikachonga ufunguo wake nimefumba macho, kuona kama bado naweza."

"Na ukaweza?"

"Nikaweza. Lakini sasa nikiweza siamini. Labda ni mikono, Mama Chebet. Labda imeanza kunidanganya na mimi sijui. Afadhali niache nikalime Kibabii kabla sijaharibia mtu mwingine."

"Acha maneno, wewe. Mikono gani ya kuzeeka hiyo."

"Si wewe unayekaa na hilo gari mlangoni."

Nimewahi kuchapwa, kufukuzwa shule, kusimamishwa mbele ya gwaride na kusomewa makosa yangu kwa lugha mbili, na hakuna lililonifikia. Hili lilinifikia. Ningestahimili Senge kukosa wateja. Mtu hupata wengine. Lakini alikuwa amekaa kwenye kigoda anaitazama mikono yake kama vitu vya kuazima, na mimi ndiye niliyejua kwamba mikono ile haikuwa na kosa lolote. Niliingia na sufuria ikidondosha maji sakafuni. Nikasema yote: Gari kwa jina la Nekesa, mfuko, pembe ya chuma, betri. Mama Chebet aliacha kutafuna. Nilingojea kofi. Senge aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya kazini: "Kilianguka nini kingine?"

"Hakuna. Betri tu. Na kipande cha plastiki nilichokifagia."

"Kipande cha rangi gani?"

Mama Chebet alitaka twende kibandani saa ile ile, tulitengeneze gari kimya kimya, kesho mzee alikute linawaka, tuseme ni Mungu. Lilikuwa wazo zuri sana na nililiunga mkono kwa moyo wote. Senge akakataa. "Huyu aliita watu kumwona akiamrisha gari," akasema. "Kesho ataita watu hao hao."

Na kweli Jumatatu asubuhi nilisimama pale pale barabarani. Wakaja wote, Makokha wa kwanza, wakidhani ni maonyesho ya pili. Mzee Barasa alikuwa ndani ya gari na gazeti. Nilimwita kuka, kama tunavyowaita babu zetu, nikamwambia mbele ya watu kwamba Senge hakuumiza ufunguo wake. Mimi niliuangusha nikicheza, nikanyamaza siku nne. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa chekechea. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipotamani sana wacheke. Senge alitandaza gunia chini, akamwaga mkebe wake wote wa vumbi, tukapiga magoti sisi wawili na chujio la chai. Tulichuja shaba ya miezi mitatu. Tulipata skrubu, jino la kitana, sindano ya Makokha aliyodai niliiba, na mwisho, karibu na saa nne, kijiwe cheusi. Senge akakifuta kwa kanga, akafungua kichwa cha ufunguo, akapata tundu dogo lililokuwa tupu, kikakaa humo kama jino kwenye ufizi. Mzee akawasha. Gari likanguruma. Watu wakahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na walipofika hamsini Makokha akasema, "Basi bana, tumeamini," na sasa ndipo wakacheka.

Mzee Barasa alizima gari mwenyewe. Akashuka, akavua kofia. "Dada," akamwambia Senge, na sauti yake ilikuwa kubwa kama ile ya siku sita, makusudi, isikike hadi kwa waliokuwa mbali. "Nimekutukana hapa barabarani na hukuwa na kosa. Nakuomba msamaha hapa hapa barabarani." Kisha akanigeukia mimi. Nikafunga macho. "Na wewe," akasema, "umesema mbele ya watu. Wanangu wakubwa hawajawahi." Akavaa kofia yake. Nasikia maneno hayo hadi leo, na nilipowatazama wanawe wakihutubia kaburini nilijitahidi sana kutotabasamu.

Mtu mwingine angeishia hapo. Ufunguo wa pili bado uliwasha gari na kulizima, lakini sasa tulijua kwa nini: haukuwa na kijiwe ndani yake. Mzee alisema inatosha, ataishi na mmoja. Senge akasema, "Nilikuahidi wawili." Aliuliza madereva wa malori mpaka akaambiwa kuna kijana Kitale, katika gereji karibu na barabara ya Endebess, anayetengeneza magari ya mashamba makubwa na anayezijua funguo hizi. Jumamosi tukaenda watatu na gari lenyewe, mimi kiti cha nyuma nikiwa nimeshikilia mkoba wa tupa. Tulipopita geti la shule yangu ya zamani niliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Kijana mwenyewe aliitwa Simiyu, hajafika miaka ishirini na tano, penseli sikioni. Nilidhani Senge angejifanya anajua. Mimi ningejifanya. Yeye alivuta kigoda, akaketi chini yake kama mwanafunzi, akasema, "Mwanangu, hii kitu siijui. Nifundishe." Simiyu akaona haya, akaanza kumwita mama. Akaeleza kwamba kijiwe kile hunong'oneza jina lake kwa gari, na gari lisipolisikia jina linalolijua hujizima. Alikuwa na kichwa kipya chenye kijiwe chake, bado hakijachongwa. Senge alitoa tupa zake na kukata meno pale pale, na zamu ya Simiyu ikafika ya kukodoa macho. "Mama, bila mashine?" Hapo nilimwona Senge akiitazama mikono yake tena, kwa haraka tu, kisha akaendelea na kazi.

Sasa ilibaki kulifundisha gari jina jipya, na hilo halikuhitaji mashine, lilihitaji miguu. Weka ufunguo wa zamani, kanyaga mafuta mara tano, kanyaga breki mara sita, chomoa, na kabla ya kuhesabu kumi uwe umetia mpya na kukanyaga mafuta mara moja. Ukichelewa, unaanza upya. Mzee alisema gari ni lake, atakanyaga yeye. Mara ya kwanza alifika breki ya nne, mtu akapita getini: "Mulembe, mzee!" Akaacha breki. "Mulembe! Habari ya huko? Watoto hawajambo?" Muda ukaisha. Mara ya pili ilikuwa mama wa ndizi. Mara ya tatu alikuwa amechomoa wa zamani na ameshika mpya mkononi, akapita mwalimu mstaafu ambaye hakumjua kabisa, wakaulizana mpaka habari za mvua. Simiyu alishika kichwa. "Mzee, usiwajibu!" Mzee Barasa alishtuka kweli. "Mtu anisalimie ninyamaze? Mimi ni jiwe?"

Senge akanitazama. "Nekesa. Wewe si una mdomo? Nenda getini."

Nikaenda. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii vile. Kila aliyekaribia nilimwahi, nikamsalimia, nikamuuliza ng'ombe, wajukuu, bei ya mahindi, nikamwambia mzee mmoja wa kanisa kwamba nimemwota, nikamzuia mwendesha baiskeli kwa kudai gurudumu lake linatabasamu. Nyuma yangu nilisikia Simiyu akihesabu na pedali zikigonga kama mtu anayecheza ngoma ameketi. Halafu kimya. Kuna taa ndogo nyekundu pale mbele ya usukani, ilibidi izime yenyewe, na inachukua dakika nzima. Nilikuwa nimewashika watu saba getini na wote wakanyamaza pamoja nami bila kujua tunangojea nini. Kisha nikasikia gari likiwaka. Likaendelea. Likaendelea tu.

Tulirudi Bungoma alasiri, Senge akiwa ameandika hesabu zile za miguu kwenye karatasi ya sukari na kunifanya nizikariri njia nzima. Kibandani walikuwepo watu, Makokha akiwa mbele yao. Mzee Barasa aliegesha pale pale gari lilipokuwa limefia, akashuka, akatoa ule ufunguo mpya mfukoni na kumpa Senge. Senge akasema tayari ni wake, autie mfukoni. "Wa pili haukai na mwenyewe," mzee akasema. "Unakaa kwa mtu. Mimi nimeuweka hapa kwako." Kila mtu aliyekuwa pale alisikia, na yule mwanamke wa ufunguo wa nyumba alikuwepo, tayari pochi yake iko wazi. Senge aliufunga ule ufunguo mkononi, akaufungua, halafu bila kuniangalia akaunyoosha upande wangu. "Utafutie mahali."

Nilikuwa na utani tayari, mzuri kabisa, na Makokha alikuwa amenigeukia akiungojea. Nikaumeza, nikaingia ndani kutafuta msumari wa kuutundikia ufunguo.